Tai Nyeusi ya Basi Namba Tatu

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, magoti mazima na meno yote mdomoni. Kwa miaka mitatu nilikuwa Mwakilishi wa Basi Namba Tatu katika shule yetu hapa Riyadh. Aliyenistaafisha ni mama yangu, akiwa ameshika ripoti yangu ya hesabu. "Mutua," alisema, "siasa halas, imekwisha." Mama ni muuguzi. Amezoea kuwapa watu habari mbaya bila kupoteza muda.

Ninawaandikia ninyi mtakaokikalia kiti hicho baada yangu, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Basi Namba Tatu limekuwa mikononi mwa Waafrika Mashariki tangu nilijue, na sitaki mtu ajifanye hakupata maagizo. Pili, naibu mkuu wa shule hasomi Kiswahili. Mshahara sitauzungumzia kwa kuwa haukuwepo. Kupandishwa cheo vilevile: juu ya mwakilishi wa basi kuna dereva, na juu ya dereva kuna paa.

Mlijue jimbo lenyewe. Basi Namba Tatu ndilo linalokwenda mbali kuliko yote. Linatoka shuleni, linapita Al-Malqa kwenye nyumba zenye kuta ndefu na mageti yanayojifungua yenyewe, kisha linaendelea, linaendelea, mpaka mtaani kwetu, ambako lami inakata tamaa na kuuachia mchanga kazi. Wale wa Basi Namba Moja wanaoshuka baada ya dakika kumi wanatuita watu wa mashambani. Waacheni. Shambani ndiko kura ziliko.

Dereva wetu ni Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mpana, mpole, mwenye sauti ya kwaya na kichwa ambacho hakuna kofia ya sare iliyowahi kukitosha. Kofia yake hukaa juu ya dashibodi kama abiria. Asubuhi yeye huimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, madirisha yamefungwa, na ukimwomba apunguze anakwambia, "Mheshimiwa, hiyo ndiyo injini ya pili."

Nilichaguliwa nikiwa chooni. Niliporudi darasani nikakuta watu wananipigia makofi, nikafikiri ni kwa sababu ya kurudi salama. Siku hiyohiyo nikaambiwa nikajitambulishe kwa mwalimu anayesimamia mabasi, Mwalimu Fintan wa jiografia, Mwairishi mwenye nyusi kama brashi za viatu. Alikuwa amekuja Riyadh kwa sababu mkewe ni muuguzi kwenye wadi moja na mama. Nilijua anafundisha mito na milima. Sikujua kwamba kabla ya hapo alikuwa diwani wa mashambani huko kwao kwa miaka ishirini na mmoja, kama baba yake kabla yake, na kama babu yake kabla ya hapo.

"Umepata kura ngapi?" aliniuliza.

"Zote, mwalimu. Sikuwepo."

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Hiyo ndiyo njia bora," alisema. "Kaa."

Kuanzia siku hiyo sisi tulimwita Diwani, na yeye hakukataa. Kwao, alisema, ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha baa moja iliyouza pia misumari, chakula cha ng'ombe na majeneza. Kila Jumamosi asubuhi watu walipanga foleni humo. Huyu anataka kibali cha kuchimba choo, yule anataka taa ya barabarani nje ya nyumba ya mama yake mjane, na ndugu wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya ua wa miti walimtumia yeye kama posta. Mmoja anakaa upande huu wa chumba, mwingine upande ule, Diwani anatembea katikati amebeba matusi.

"Barua ni mbili," alinifundisha. "Moja inakwenda ofisini. Ya pili ni nakala, unampelekea mwananchi ili aone kwamba ya kwanza ilikwenda. Ya pili ndiyo muhimu."

Alinifundisha pia kuomba kura. Kwao mpiga kura hupanga wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu, na wa kwanza akianguka, kura inahamia kwa wa pili. "Usimwombe mtu namba moja," alisema. "Namba moja ni ya binamu yake, utamwaibisha bure. Omba namba mbili. Hakuna anayenyimwa namba mbili." Mimi nilitumia mbinu hiyo kwenye viti vya dirishani na nikaibuka na amani ya muhula mzima.

Na asubuhi, kabla ya yote, unamsalimia kila mtu kwa jina na kumuuliza jambo lake moja. Diwani alijua mbwa wote wa jimbo lake kwa majina. Mtu atasahau kwamba ulimtengenezea barabara, alisema, ila hatasahau kwamba ulimuuliza kuhusu mbwa. Riyadh mbwa ni wachache, kwa hiyo mimi nilianzia kwa paka, sungura na kaka wakubwa walioposa.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa kiyoyozi. Mwezi wa tisa, saa nane mchana, basi letu lilikuwa linatuoka. Niliandika malalamiko manne. Diwani aliyasoma yote, akasema Kiingereza changu ni kizuri, akayatupa. "Malalamiko ni karatasi. Mwalike mkubwa apande." Nikamwalika naibu mkuu aje kupigwa picha na wanafunzi ndani ya basi, "kwa ajili ya ubao wa matangazo." Alipanda akiwa amevaa koti. Barasa, ambaye tulikuwa tumeelewana, akapita njia ndefu. Naibu mkuu alishuka Al-Malqa akiwa na rangi ya nyanya, na kiyoyozi kikatengenezwa kabla ya wiki kwisha. Picha yenyewe haikuwahi kubandikwa. Ninayo.

Sasa niwaeleze zana. Daftari dogo lenye mpira. Biro mbili, moja ya kuazimwa na kupotea. Na zana ya tatu haikuwa yangu bali ya Diwani: tai nyeusi.

Ilikaa ndani ya mkoba wake siku zote, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Fundo lake lilifungwa na baba yake, asubuhi ya mazishi ya mtu fulani, Diwani akiwa kijana. Tangu hapo halikuwahi kufunguliwa. Aliivaa kwa kuipitisha kichwani kama mkufu, akaivua vilevile. Kwao mwanasiasa wa mashambani hakosi mazishi. Anakwenda ya aliyempigia kura na ya aliyemtukana, anapanga foleni, anawashika mkono wafiwa mmoja baada ya mwingine, anasema pole, anatoka. Hakuna hotuba, na ombi lolote halitolewi siku hiyo. "Ukiomba kitu penye msiba," alisema, "hata aliyekufa hatakupigia kura tena."

Kwa miaka ishirini na mmoja alikosa mazishi mara moja. Bibi mmoja mwenye wana saba alizikwa siku ambayo waziri alikuja kufungua daraja, na Diwani akaenda darajani. "Daraja la urefu gani?" nilimuuliza. Akapima kwa mikono. Lilikuwa fupi kuliko basi letu. Uchaguzi uliofuata alishindwa kwa kura kumi na moja. Wana saba, wake zao wanne. Hakuhitaji mtu wa kumfanyia hesabu. Kila aliposimulia alimalizia hapo, akaichukua chaki, akarudi kwenye mito.

Niliyasikia hayo kama mara tano, kila mara nikicheka kwenye daraja. Sikuyaelewa mpaka Jumatano moja ya mwaka wangu wa mwisho kazini.

Asubuhi hiyo basi lilikuwa kimya. Hakuna injini ya pili. Nikasogea mbele.

"Mzee Barasa, leo kwaya mafi, haipo?"

Hakugeuka. "Mzee wangu amelala, Mheshimiwa. Tangu Jumatatu."

Nilishika kiti. Kwenye daftari langu, mbele ya jina lake, jambo lake moja lilikuwa: baba, mwimbishaji kanisani, miaka themanini na mbili, anapenda ndizi za kuchoma.

"Pole sana, mzee. Unaenda lini?"

"Wanazika Jumamosi. Mimi ndiye kifungua mimba, mchanga wa kwanza ni wangu. Tiketi ninayo ya kesho kutwa mchana." Akakata kona taratibu sana. "Lakini ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, haiko chini ya shule. Iko chini ya bosi mwenyewe. Karatasini mimi ni dereva wa nyumba yake. Asipobonyeza ruhusa ya kutoka na kurudi kwenye simu yake, sivuki uwanja wa ndege. Na simu ameizima."

Bosi ni Abu Nawaf, mwenye shule, kafili wake Barasa, yaani mdhamini wa kibali chake. Nilimkuta Diwani kabla ya kengele, nikamweleza, na nikaona nyusi zake zikisimama.

Tulikwenda wote wawili kwa Ustadh Hashim, katibu wa bosi, mimi nikiwa mkalimani. Diwani alikuwa na Kiarabu cha yalla, mafi, na sentensi moja ya kutoa pole ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi makali, kwa sababu ndiyo aliyoiona ya lazima kikazi.

"Bosi yuko Jeddah," Ustadh Hashim alisema. "Al-Rawdah, nyumbani kwa baba yake. Ana jambo la kifamilia. Simu itawashwa Jumapili, inshallah."

"Jambo gani?"

Ustadh Hashim akapanga kalamu zake. Katibu mzuri hasemi mambo ya nyumbani kwa bosi.

Huko nje Diwani aliniambia, "Tajiri hazimi simu siku nne kwa jambo lingine. Kuna msiba." Alisema kwa uhakika wa mtu aliyezika tarafa nzima. "Na sisi kesho tuko Jeddah."

Hilo lilikuwa kweli. Alhamisi timu ya mdahalo ilikuwa inasafiri kwenda tawi letu la Jeddah, mimi mmoja wao, Diwani msimamizi. Mdahalo wenyewe tulishindwa vibaya na sitaurudia hapa. Baada ya sala ya alasiri tukakodi gari mpaka Al-Rawdah. Wenzangu wawili wakabaki ndani ya gari na shawarma. Diwani akatoa mfuko wa nailoni, akaipitisha tai kichwani, uso wake ukashuka kama pazia.

Geti lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na viti vya safu kwa safu, wanaume wamevaa kanzu nyeupe wameketi wakitazama mbele, hakuna anayecheka, kijana anapita na dele la kahawa. Karibu na mlango kulikuwa na mstari wa kupeana mikono. Diwani alivuta pumzi. "Nyumbani kabisa," alinong'ona.

"Diwani, mbona taa nyingi hivi? Zimefungwa mpaka kwenye mitende."

"Watu wa mjini," alisema, akaingia.

Nakiri haya kama mtumishi wa umma. Niliona sinia za chokoleti. Niliona kijana amesimama mstarini amevaa joho jeusi lenye ukingo wa dhahabu, ananukia udi mpaka barabarani. Nimekulia Riyadh, najua bwana harusi anavyofanana. Nilikuwa na kama sekunde nne za kumvuta Diwani koti. Nilizitumia zote kuzuia kicheko.

Diwani alimshika kijana mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa upande, akamtazama kwa huzuni ya vizazi vitatu, na kwa Kiarabu safi akamwambia Mungu amkuzie ujira wake kwa msiba huu.

"Amina?" alisema bwana harusi.

Kule nyuma mtu alipaliwa na kahawa. Wa pili mstarini alikuwa Abu Nawaf mwenyewe, baba wa kijana, na Diwani akampa pole naye, kwa kumkaza kiganja zaidi kwa kuwa ni mwajiri. Abu Nawaf alimtazama mwalimu wake wa jiografia kuanzia nyusi mpaka tai. Siku hiyo walikuwa wamefunga akdi ya ndoa ya mwanawe.

Wa tatu alikuwa mzee kabisa, amekaa kwenye kiti, baba yake Abu Nawaf. Alipokea pole, na mkono wa Diwani hakuuachia.

"Nani amekufa?" aliuliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri.

"Hakuna, baba," Abu Nawaf alisema. "Ni mwalimu tu."

"Amevaa tai nyeusi! Nani amekufa? Ni Saad? Mmenificha habari za Saad?"

"Niko hapa!" alipaza sauti mzee mwingine, safu ya tatu.

"Basi nani?"

Diwani alikuwa ameshaelewa. Masikio yake yalikuwa mekundu na tai ilikuwa inapanda na kushuka shingoni. Alinigeukia, na sikuwahi kumwona mtu mzima akiniomba msaada kwa macho namna ile. Kumbukeni kanuni: ombi halitolewi siku hiyo. Lakini mimi sikuwa ninaomba. Nilikuwa nimeulizwa swali. Nikapiga goti kando ya sikio la mzee.

"Ni baba yake Barasa, ya jaddi, babu."

"Barasa ni nani?"

"Dereva wa mwanao. Ndiye anayetupeleka shule."

Mzee akaachia mkono wa Diwani, akasema inna lillahi, na wale wa safu ya mbele wakaisema baada yake kwa mazoea. "Amezikwa?"

"Bado. Amekufa Jumatatu."

"Jumatatu! Leo Alhamisi! Kwa nini hawajamzika?"

"Wanamsubiri mwanawe mkubwa. Kwao yeye ndiye anayeanza kumwaga mchanga."

"Na mwanawe yuko wapi?"

"Riyadh."

"Anafanya nini Riyadh?"

"Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

Diwani alikuwa amenifundisha kwamba yako maswali ambayo mwanasiasa hayajibu kwa mdomo. Nikageuza shingo tu, polepole, kumwelekea Abu Nawaf. Safu ya kwanza ikageuka. Ya pili ikafuata. Kijana wa kahawa alisimama na dele hewani.

"Wewe?" mzee alimuuliza mwanawe. "Maiti anamsubiri mwanawe siku nne, na wewe umezima simu ule chokoleti?"

Abu Nawaf si mtu mbaya. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaiwasha. Simu ya mtu tajiri inachukua muda mrefu kuamka kuliko zetu, au labda ni mimi. Nilihesabu mitende. Mwishowe akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena.

"Halas. Imekwenda."

"Angalia tena," mzee alisema.

Akaangalia tena. Dakika ileile simu yangu ikatetemeka: Barasa, ujumbe wa herufi kubwa tupu, hakuna hata nafasi kati ya maneno.

Bwana harusi ndiye aliyesema kwanza. "Ustadh," alimwambia Diwani, nami nikatafsiri, "hizo pole sitazirudisha. Ngoja mwaka mmoja upite, huenda nikazihitaji." Hapo uani watu wakacheka mpaka Saad akaombewa maji. Tukaketishwa, tukalishwa, na wenzangu kule garini wakajuta shawarma yao.

Asubuhi tukarudi Riyadh. Barasa alikuwa uwanja wa ndege na begi moja, suti ya kijivu na shingo wazi. Diwani akatoa ule mfuko wa nailoni. "Fundo hili lilifungwa na baba yangu," alimwambia. "Usilifungue. Lipitishe kichwani tu."

Barasa aliipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikitazama kile kichwa, nikaitazama tai, nikakaa kimya. Sikutaka kuharibu.

Alirudi baada ya wiki mbili, na siku ya kwanza hakuwasha basi. Alimsubiri Diwani langoni kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

"Mwalimu, nimekukosea. Haikupita. Nilijaribu, ikakwama hapa." Akagusa juu ya masikio. "Watu wanaimba, jeneza liko mlangoni, mimi nimefungwa macho na tai. Ikabidi nilifungue fundo. Nimelifunga tena jinsi mzee wangu alivyonifundisha nikienda kipaimara. Lakini si lile."

Diwani aliishika. Fundo jipya lilikuwa nene, pana, fundo la mwimbishaji wa kwaya. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyomwona akitazama ramani yoyote.

"Watu wangapi walikuja?" aliuliza hatimaye.

"Wengi, mwalimu. Kama mia nane. Nilitoa salamu zako, nikasema zinatoka kwa Mheshimiwa Diwani wa Ireland. Diwani wa wadi yetu akasimama kuuliza kama unagombea."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unaomba namba mbili."

Diwani alicheka mpaka akashika geti. Kisha akaipitisha tai kichwani pale pale, juu ya shati la rangi ya samawati, akafundisha nayo siku nzima, na ilipofika mwisho wa somo hakuivua.

Likizo iliyofuata yeye na mkewe walikwenda kwao. Mimi nilikuwa nimeshastaafishwa na nimefungiwa na vitabu vya hesabu, lakini ujumbe wake ulinifikia. Alikuwa amekwenda kwenye ile nyumba ya wana saba, akiwa amevaa tai, miaka sita baada ya mazishi. Aliwapa mikono mmoja baada ya mwingine mlangoni, mvua ikinyesha. Mkubwa wao alimuuliza ni kipi kilichomchelewesha hivyo. Akawaambia alikuwa anasubiri kufungiwa tai.

"Wamenipa chai," aliniandikia. "Namba mbili wanasema watafikiria."